Mteja wa Kwanza wa Asubuhi

Kituo cha mabasi kilipohamishiwa nje ya mji, wenye maduka wa mtaa mkuu walisema ni jambo la muda tu. Muuza viatu alisema hivyo, akafunga. Muuza redio alisema hivyo, naye akafunga. Mwenye jumba la sinema hakusema kitu, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja watu waliona tu mlango umepigiliwa mbao. Mwishowe walibaki wawili waliokuwa bado wanasema ni jambo la muda, Mama Vifungo upande huu na Kinyozi upande ule, na katikati yao barabara pana ambayo mbwa waliipita kwa maringo kama wenye mtaa.

Mama Vifungo aliuza vifungo, zipu, nyuzi, lastiki na lesi, na nyuma ya kaunta alikuwa na cherehani ya kukanyaga ambayo ilimjua vizuri kuliko jamaa zake. Ukuta mzima ulikuwa wa vidroo vidogo vya mbao, na usoni mwa kila kidroo kilibandikwa kifungo kimoja cha aina iliyokuwamo, ili mteja aonyeshe kwa kidole asipate taabu ya kueleza. Mumewe ndiye aliyevitengeneza. Mumewe alikuwa rafiki wa Kinyozi tangu ujanani, ndiyo maana Kinyozi alimwita Mama Vifungo shemeji, naye akamwita shemeji vilevile. Mume alipokufa, neno hilo lilibaki pale, kama msumari unaobaki ukutani picha ikishaondolewa. Hakuna aliyejua aning'inize nini kingine.

Miaka ile mikavu ndiyo iliyowafundisha utaratibu wao. Siku moja Mama Vifungo alifunga duka jioni bila mtu hata mmoja kukanyaga kizingiti chake, wala wa kuuliza njia. Alivuta milango huku akifuta uso kwa upindo wa kanga, akidhani hakuna anayemwona. Kesho yake asubuhi Kinyozi alivuka barabara na sarafu mkononi, akasimama mbele ya kaunta kama mtu asiyemjua.

"Naomba kifungo," alisema.

"Cha nini?"

"Cha shati."

"Shati lako halijakatika kifungo, shemeji."

"Wewe unauza au unapeleleza?"

Akamuuzia. Alipobaki peke yake alikaa akawaza, kisha akachukua mkasi wake, akavuka kwenda kwa Kinyozi, akamwomba amnolee. Kinyozi alikuwa na kinoo kizuri na mkanda wa ngozi wa kunolea nyembe, na alifanya kazi ile kwa utulivu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza, Mama Vifungo alimlipa kwa sarafu ileile. Basi ikawa desturi. Kila asubuhi Kinyozi alikuja kununua kifungo kimoja, na baadaye Mama Vifungo akaenda kunolewa mkasi, na sarafu ikawa inavuka barabara kwenda na kurudi kama mtumishi. Waliiita kufunguana. Siku ikishapata mteja wa kwanza, walisema, imefunguka, hata asipokuja wa pili.

Sheria ilikuwa moja tu: aliyekwisha kufunguliwa hafunguliwi tena. Mtu akiwahi kuingia dukani mwa mwenzio, awe anataka uzi wa senti au wembe mmoja, umemaliza, rudi kwako. Kwani kumfungua aliyefunguliwa kungekuwa sadaka, na wale wawili walikuwa na kiburi cha kutosha kuugawia mtaa mzima kikabaki. Lakini katika miaka ile sheria haikuwa na kazi. Hakuna aliyewahi kuwatangulia. Mkasi ulinolewa kila siku bila kukata chochote cha maana, mpaka Kinyozi akasema mkasi huo unakonda kuliko mwenyewe, tena mwenyewe anapaswa kuona aibu.

Mama Vifungo hakuona aibu. Alikuwa mpweke, tusizungukezunguke. Nyumbani alikuwa na chumba, kitanda, na dada mmoja wa mbali aliyepiga simu sikukuu. Kitu kilichomwamsha asubuhi akaoga, akapaka mafuta, akachagua kanga, kilikuwa ile dakika ambayo mtu angeingia dukani na kujifanya hamjui.

Kisha wakaja watu wa manispaa na kamba za kupimia. Walipima barabara, wakapima kuta, nusura wampime Mama Vifungo mwenyewe. Walisema mtaa mkuu utafufuliwa. Wakachimba mtaro mrefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakaondoka, na mvua zikanyesha mtaroni hadi vyura wakahamia. Kinyozi alisema manispaa haikusema uongo, imeleta wapangaji, tena wanaimba. Vumbi lililofuata liliingia kwenye zipu zote, na Mama Vifungo alizipiga brashi moja moja huku akiwalaani wahandisi na waliowasomesha.

Lakini kazi ilikwenda. Polepole, kama mgonjwa anayejifunza kuketi, kisha kusimama. Mtaro ulifukiwa, matofali yakatandazwa, nguzo za taa zikasimikwa, mabenchi yakawekwa ambayo kwa muda mrefu hayakukaliwa na mtu ila njiwa. Duka la kwanza kufunguliwa lilikuwa pale kwa muuza viatu: binti mmoja mwenye aproni nyeusi alipachika mashine ya kahawa na taa za rangi ya ndimu. Jioni ile taa zilipowashwa, Kinyozi na Mama Vifungo walitoka, wakaenda kusimama mbele ya kioo, wote wawili wamefunga mikono nyuma, kama watu waliokwenda kuona mtoto mchanga.

"Si nilikwambia ni jambo la muda?" alisema Kinyozi.

Walicheka hadi binti wa kahawa akachungulia. Mama Vifungo alirudi dukani moyo mweupe. Hakujua alikuwa anacheka nini.

Baada ya binti wa kahawa akaja mtu wa mikate. Kisha wachapaji wa picha kwenye fulana, kisha watu wa kompyuta ghorofani, na sinema ikawa ukumbi wa kufanyia mazoezi ambako watu walilipa ili wakimbie wakiwa wamesimama palepale. Mwaka wa kwanza taa moja, wa pili taa tano, na hatimaye asubuhi moja msichana wa begi aliingia kwa Mama Vifungo kabla hata hajamaliza kufagia. Alitaka vifungo vikubwa vya mbao vya kupamba mikoba. Alifungua vidroo, akachagua, akabadili mawazo, akachagua tena.

Hapo Kinyozi akatokea mlangoni na sarafu yake. Alimwona msichana. Akatabasamu, akainua mkono kama mtu anayempisha mwenzake njiani, akageuka, akavuka barabara kurudi kwake. Sheria ni sheria.

Mama Vifungo alimalizana na msichana harakaharaka, akachukua mkasi, akaenda upande wa pili. Mlangoni alikuta kijana wa kompyuta amekwisha kukaa kwenye kiti, shuka shingoni, Kinyozi amemwinamia. Akasimama kidogo. Kisha naye akageuka.

Kwa nini hawakuongea tu? Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la mtu asiyewahi kuuza. Kumuuliza mfanyabiashara kama leo amepata mteja ni kama kumuuliza mgonjwa kama ameandika wosia. Katika mtaa uliokufa ungeweza kumfungua jirani bila kumtukana, maana wote mlikuwa maiti. Katika mtaa unaofufuka, kuvuka barabara asubuhi na sarafu mkononi ni kusema: wenzako wamepata, wewe bado. Basi kila mmoja akangoja kwake, akidhani mwenzake amefunguliwa. Siku nyingine walikuwa wamefunguliwa kweli. Siku nyingine walikaa wote wawili hadi adhuhuri, huyu na kinoo chake, yule na vidroo vyake, wanapungiana mikono kwa mbali juu ya vichwa vya wapita njia. Wiki zikapita, miezi ikafuata, na mkasi ukaanza kuwa butu.

Na watu walikuwa wamejaa, hilo lilikuwa kweli. Kuanzia saa nne mlangoni mwa Mama Vifungo palikuwa na msongamano. Walikuja wawili wawili, watatu watatu, vijana wazuri wenye kunukia, wakaegemea fremu ya mlango ambayo mumewe aliipaka rangi, wakapigana picha. Walisema duka tamu sana. Walisema limekaa kizamani. Waliomba asimame mbele ya vidroo, kisha wakaomba asisimame. Kununua hawakununua, nguo zao zilikuwa za kuvuta kichwani, hazina kifungo hata cha dawa. Mara mojamoja alipata zipu ya kubadilisha. Alipojaribu kuwaeleza kwamba pale ng'ambo palikuwa na sinema, na kwamba Jumamosi foleni ilifika mpaka mlangoni kwake hapa, walisema "ahaa, bibi," na macho yao tayari yamerudi kwenye simu. Hakukuwa na hata mmoja aliyemjua mumewe. Zamani, mtaa ulipokuwa mtupu, alikuwa mpweke kwa nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikaa upande wa pili. Sasa mtaa umejaa, na upweke wake umekamilika.

Alasiri moja Kinyozi alikuja. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi, bila sarafu. Mama Vifungo alifurahi hadi akakasirika. Miezi yote ile, na sasa anakuja alasiri kama mgeni.

"Biashara inakwendaje, shemeji?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, na ulimi hauna mfupa. Kama angesema inakwenda vibaya, angekuwa anamwomba huruma mtu aliyemwacha akapata kutu. Akapiga chuku.

"Sina nafasi hata ya kumeza mate. Wananijaa kutwa. Nafikiri hata kutafuta msaidizi."

"Kweli?"

"Wewe huwaoni?"

"Nawaona," alisema Kinyozi. "Nawaona kila siku nikiwa kule. Nilitaka tu nisikie kwako."

Na kana kwamba walikodiwa, vijana wanne wakafika wakiwa na simu zao, na Mama Vifungo akawakaribisha kwa bashasha ambayo hakuwahi kuwapa, akawavuta ndani kwa mikono, akawauliza habari za nyumbani kwao. Kinyozi alitazama kwa muda. Uso wake ulilegea, akavaa kofia, akaondoka. Mama Vifungo alijiambia kuwa amemkomesha. Alishona zipu moja siku ile, akaishona upande.

Habari aliletewa na binti wa kahawa siku chache baadaye. Alikuja na kikombe cha karatasi kama zawadi, akazunguka maneno, kisha akauliza kama Mama Vifungo anajua ukubwa wa chumba cha yule mzee, kwa kuwa anahama leo mchana na yeye angependa kukiongeza kwenye biashara yake. Alisema atakibakiza kile kiti cha kunyolea. Kitapendeza pale mlangoni, watu watapigia picha.

Mama Vifungo aliweka kikombe kwenye kaunta. Alichukua mkasi, ndicho kitu alichojua kuchukua, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, dereva mmoja akamlaumu kwa honi.

Mbele ya duka la Kinyozi lilisimama gari dogo lenye buti wazi. Ndani, binti ya Kinyozi, mama mtu mzima sasa, alikuwa akifunga taulo kwenye maboksi, na mtoto wake mdogo alikuwa akizungushwa na kiti kile kikubwa, anacheka. Mama Vifungo alimjua binti huyu tangu alipokuwa wa umri wa mtoto huyu. Binti alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamteremsha mtoto, akasema anakwenda kupanga vitu garini. Alikuwa mtu wa kuelewa.

"Huo mkasi lete," alisema Kinyozi. "Kinoo bado sijakifunga."

Mama Vifungo akaketi kwenye kiti kile, Kinyozi akasimama karibu na dirisha, akanoa. Aliusogeza mkasi karibu sana na macho. Alieleza, kama anayeeleza habari za mtu mwingine, kwamba mwezi uliopita alikata sikio la mteja, kidogo tu, na kwamba wale vijana wapya ni waungwana, hawakusema, ila hawakurudi. Mama Vifungo alimsikiliza. Kumbe naye alikaa hadi adhuhuri. Kumbe alikaa hata zaidi.

"Mbona hukuniambia unahama?"

"Nilikuja tulizungumze ile alasiri. Ukawa na wageni." Alipuliza ubapa wa mkasi. "Huyu binti ananiita tangu kituo cha mabasi kihame, shemeji. Ana chumba changu, ana kila kitu. Kila mwaka namwambia bado. Nitamwachaje shemeji yangu peke yake kwenye mtaa wa popo? Nilisema nangoja mtaa urudi. Upate watu wako, ndipo niende."

Mama Vifungo aliyatazama maboksi ya taulo.

"Na nilikuwa nachoka," aliendelea. "Siwezi kukudanganya. Kuna asubuhi miguu iligoma kabisa. Lakini nikasema, nisipofungua leo, ataangalia huku aone mlango umefungwa. Basi. Uliponiambia wanakujaa kutwa, nililala siku ile kama mtu aliyetua mzigo. Asubuhi nikampigia simu huyu, nikamwambia njoo."

Alitaka kumwambia abaki. Maneno yenyewe si mengi. Nilikudanganya, hawanunui, baki. Angeyasema, Kinyozi angebaki. Alimjua, angefungua maboksi palepale, angemrudisha binti yake na gari tupu, na kesho asubuhi angevuka barabara kwa ile miguu iliyogoma, sarafu mkononi, aje amwombe kifungo. Mama Vifungo aliiona asubuhi hiyo wazi kabisa na aliitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu tangu awe mjane. Alifungua mdomo.

Mtoto alirudi mbio kutoka nje, akamkumbatia babu yake mguu, na Kinyozi akashuka taratibu, akishika ukuta, hadi nyuso zao zikalingana. Alichukua muda mrefu kushuka. Kupanda alichukua muda mrefu zaidi, na binti yake alikuja akamshika kiwiko bila kuitwa.

"Wewe naye," alisema Mama Vifungo. "Ungekuja tu ndani ile alasiri. Ningewafukuza."

"Wateja hawafukuzwi." Kinyozi alimpa mkasi, mpini mbele. Kisha akatazama dirishani, akang'aa uso. "Na hao tena. Ona, wamekujaa mlangoni. Nenda, shemeji, usiwaweke watu. Mimi nitakaa hapa nikuone kidogo mpaka gari liwe tayari. Sijawahi kukuona vizuri ukiwa kazini, kila siku nilikuwa na kazi ya kukusikitikia."

Alimpa mkono. Alisema kwaheri ya kuonana, wakapeana salamu za watu wa nyumbani, maneno yote yanayosemwa na mashemeji wanapoagana, na aliyasema sawasawa bila kukosea hata moja. Kisha akavuka.

Kweli walikuwa mlangoni kwake, sita au saba, wamegeuza migongo dukani na kunyoosha simu mbele yao. Mmoja wao, msichana mrefu mwenye nywele fupi, alimwomba radhi, akamwomba asogee kidogo pembeni, ameingia kwenye picha.

Mama Vifungo hakusogea. Alimshika msichana bega, akamgeuza uso uelekee barabarani, akamvuta hadi kizingitini pale mwanga ulipo mzuri. Akatoa futi yake ya kupimia nguo. Akampima mabega, akaitamka namba kwa sauti. Akampima mkono kutoka bega hadi kifundo. Wenzake walidhani ni mchezo, wakakusanyika kumzunguka, mmoja akauliza kama atapimwa na yeye, Mama Vifungo akasema apange foleni, wote wapange foleni, na wakapanga, wanacheka, foleni ndefu mlangoni mwake.

Ng'ambo, Kinyozi alikuwa ameketi kiti cha mbele garini, kioo kimeshushwa, anatazama.

"Bibi," alinong'ona msichana, "unanishonea nini? Mimi sijaagiza kitu."

Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti, anapima urefu kutoka kiunoni hadi chini, na hakuinua uso kwa kuwa haukuwa uso wa kuonyesha watu.

"Simama hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Bado hajaondoka."